Dar hadi Moshi kwa gari lako: wapi usimame, wapi upite, mlima utauonea wapi

Kila likizo ya Juni au Desemba ikikaribia, maswali ni yale yale. "IST yangu itafika?" "Tulale njiani au tuunganishe?" "Nitaanza kuuona Kilimanjaro nikifika wapi?" "Watoto wakibanwa njiani tunafanyaje?" Mwongozo huu ni wa anayeshika usukani kwenda kaskazini kwa mara ya kwanza, kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, kama kilomita 560. IST itafika, hilo lisikunyime usingizi. Itafika hata Vitz, mradi tairi ni nzima na dereva hana papara.

Kabla ya mengine yote, elewa kwamba hizi ni safari mbili katika barabara moja. Dar hadi Segera ni kazi: malori, matuta, vijiji mfululizo, vibao vya 50. Kuanzia Korogwe hadi Himo ndipo penye macho: mkonge, Usambara, nyika, milima ya Upare, kisha Kilimanjaro mwenyewe. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanasimama Chalinze saa nzima kula mishikaki, wanasimama tena Lugoba, halafu kuanzia Mombo wanakanyaga mafuta kwa sababu jua linazama. Muda wako wa kusimama uweke kwenye nusu ya pili.

Unachohitaji kabla ya kuondoka

- Sevisi iliyofanyika angalau wiki moja kabla, si jana yake. Ukitoka gereji Ijumaa na kuondoka Jumamosi, kosa la fundi utalikuta porini. Zungukia mjini kwanza, Kariakoo na foleni zake zitalitoa.
- Tairi, pamoja na ya spea. Usitazame kashata, yaani mikato ya tairi, peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi nyingi za mtumba zina kashata nene na umri mkubwa, na joto la kati ya Mombo na Same ndilo huzipasua.
- Kulanti kwenye rejeta, na maji lita tano pembeni. Haya ni mbali na maji ya kunywa.
- Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda.
- Leseni, nakala ya kadi ya gari, bima iliyo hai.
- Noti ndogondogo za mfukoni, na salio kwenye simu kwa malipo makubwa.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Mtandao upo karibu na miji, katikati unakatikakatika.
- Sweta, kama utapanda Lushoto. Juni na Julai kule baridi ni ya kweli, na shuka moja la Dar halitakusaidia.
- Darubini, kama unayo. Watoto watagombania, lakini kwenye nyika ina faida.

Hatua kwa hatua

1. Amua utalala wapi, kisha panga saa.

Siku moja inawezekana. Mabasi yanafanya hivyo kila siku. Lakini kama lengo ni kuiona njia, igawe mara mbili. Pa kulala pana uamuzi wake: anayetaka mlima alale Same, anayetaka ubaridi na msitu alale Lushoto.

Sababu ni jua na mawingu. Kilimanjaro huwa wazi alfajiri na asubuhi mapema, mawingu hupanda kadiri jua linavyopata nguvu, kisha mara nyingi hufunguka tena jioni. Ukilala Same na kuondoka saa 12 asubuhi, unaukuta mlima umesimama wote. Ukilala Lushoto, hadi ushuke na kufika Mwanga umekwisha kujifunika, na itabidi usubiri jioni ukiwa Moshi.

Epuka wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Hiyo ni wiki ya watu kwenda kuhesabiwa Uchagani, na barabara nzima inakuwa mashindano.

2. Ondoka saa 10 alfajiri, na uchague mlango wa kutokea.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni Barabara ya Morogoro: Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kama kilomita 100. Chalinze unakata kulia, maana ukinyoosha unakwenda Morogoro. Ya pili ni Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Bagamoyo, Makofia, hadi unaibukia Msata, mbele ya Chalinze.

Anayekaa Kimara au Kibamba hana haja ya kuhangaika, apite Chalinze. Anayekaa Mbezi Beach, Tegeta au Bunju apite Bagamoyo. Mimi ningeshauri Bagamoyo hata kwa wengine, kwa sababu malori ni machache na katikati kuna Kiwangwa, kwenye mananasi. Yanapangwa barabarani kwa mafungu, na muuzaji atakumenyea moja ule hapohapo. Pa kusimama katika nusu ya kwanza ni hapa tu.

*Tahadhari:* kutoka saa 12 asubuhi ili "upate usingizi" ni kujidanganya. Utakuta Mbezi na Kibaha zimeamka, na saa mbili ulizolala utazilipa mara mbili.

3. Msata hadi Segera: endesha.

Aliyepita Chalinze, kabla ya kufika Msata atakutana na Lugoba. Ni machimbo ya kokoto, kwa hiyo tarajia malori yanayoingia barabarani taratibu na mawe madogo juu ya lami. Weka nafasi nyuma yao, kioo cha mbele hakiuzwi njiani. Baada ya Msata unashuka kwenye Mto Wami. Daraja la zamani, la mwaka 1959, lilikuwa la gari moja kwa zamu, na ule mteremko wake uliwatia watu hofu miaka mingi. Sasa kuna daraja jipya la zaidi ya mita 500 pembeni yake, na unavuka bila hata kupunguza mazungumzo. Ng'ambo, Mandera, kuna njia ya kulia inayokwenda Hifadhi ya Saadani. Ni safari nyingine, usiichanganye na hii.

Kisha Mbwewe, Manga, Mkata, Kabuku, Michungwani. Machungwa utayaona kwenye nyavu kuanzia huku, msimu ukiwa mzuri.

Kosa kubwa la kipande hiki ni mwendo ndani ya vijiji. Kibao cha 50 kinaanza kabla hujaona nyumba, na hakikomi nyumba zinapokwisha. Kinakoma kwenye kibao cha kuondoa 50. Trafiki wenye tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, wanalijua hilo kuliko wewe. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na kutoka Dar hadi Moshi mtu anaweza kulilipa kosa hilohilo mara tatu.

Kosa la pili ni kumwamini dereva wa lori. Ukimfuata kwa muda atawasha indiketa ya kushoto, maana yake pita. Ni ukarimu, lakini macho ni yako. Yeye anaona gari linalokuja, haoni kasi yako wala nguvu ya injini yako ukiwa na watu watano na mabegi. Usiovateki kwenye kilima au kona hata akiwasha taa zote.

4. Segera: kata kushoto, kisha ukale Korogwe.

Kulia ni Muheza na Tanga. Kushoto ni Korogwe, kilomita kama 20 tu. Ukiwa umeondoka saa 10, hapa ni kama saa 3 asubuhi, njaa imeshika. Korogwe ina migahawa mingi inayohudumia mabasi, vyoo vipo, chapati na supu vipo. Tazama basi lilipo: kama limeteremsha abiria dakika hiyohiyo, sogea mgahawa wa pili, la sivyo utapanga foleni ya choo na watu sitini.

Jaza mafuta hapa. Sheli zipo pia Mombo na Same, lakini ukijaza Korogwe huna la kuwaza hadi Moshi.

5. Korogwe hadi Mombo: punguza mwendo, mkonge ndio huo.

Kilomita kama 40, na mandhari inabadilika ghafla. Kushoto na kulia mistari ya mkonge imenyooka hadi macho yanachoka. Ukiona mmea umetoa mlingoti mrefu katikati, urefu wa nyumba, jua huo umefika mwisho: mkonge hutoa maua mara moja katika maisha yake, kisha hufa. Ukipita karibu na korona, yaani mashine inayokamua majani, utaziona nyuzi zimeanikwa kwenye kamba, nyeupe zikielekea manjano, na harufu yake ya uchachu itaingia hata vioo vikiwa vimefungwa.

Zao lenyewe lilikuja mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ikiwa na nguvu ya kupandwa ilikuwa 62. Ilianzia upande wa Pangani. Mashamba yote haya ni wajukuu wa ile 62.

Reli unayoiona ikienda sambamba na barabara ni ya umri huohuo. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905. Kwenye makutano yake na barabara simama kweli, treni zinapita.

6. Mombo: amua, unapanda au hupandi.

Kulia kwako ukuta wa Usambara umesimama kama mtu aliyekata kipande cha nchi kwa kisu. Hapa ndipo penye njia panda ya Lushoto, kama kilomita 33 za lami, kona tupu. Unapita Soni, ambako maporomoko yanaonekana kutoka barabarani, kisha Lushoto mjini, mwinuko wa kama mita 1,400. Ukilala huko, asubuhi nenda Irente ukaione nyika ya chini yote, ikiwa pamoja na barabara uliyopita.

Kupanda: zima kiyoyozi kama injini inaanza kupata joto, na piga honi kwenye kona zilizofungwa. Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Weka gia ndogo; kwa gari la otomatiki weka 2 au L, usiliachie D huku umekanyaga breki kutoka Soni hadi Mombo. Ukisikia harufu ya kuungua kutoka magurudumuni, egesha mahali papana, uache breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Kama hupandi, nunua Mombo matunda ya kula njiani. Mapeasi na plamu za Lushoto zinashushwa hapa, na bei yake Dar huitambui.

7. Mombo hadi Same: hapa ndipo nyika.

Kilomita kama 110. Mazinde, Mkumbara, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya. Milima yote iko kulia, kwanza Usambara, halafu pengo, halafu Upare. Kushoto ni tambarare inayoelekea Umasaini, mibuyu, migunga, vumbi. Milima huchukua mvua ya upande wa bahari, na huku nyuma yake panabaki pakavu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kuta hizi zinatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, na picha zako zitatoka nyeusi. Kuanzia kama saa 8 mchana jua linaupiga uso wa mlima, unaona kila korongo, kila njia ya maji, hadi mabati ya nyumba zilizo juu yanawaka. Kwa hiyo usikimbilie kupita hapa saa 5. Kaa Mombo, kula chakula cha mchana, ondoka saa 7 na nusu. Abiria wenye hamu ya kuona wakae upande wa dereva. Hata ukienda kwa basi, chagua kiti cha kulia, si cha dirisha tu.

Kisulisuli cha vumbi utakiona kikitembea chenyewe uwandani upande wa Makanya. Upepo wa ubavuni nao ni mkali. Gari jepesi au lenye mzigo juu ya paa litasukumwa. Shika usukani kwa mikono miwili. Ng'ombe na punda huvuka bila kuangalia. Ukiona mmoja amevuka, usiongeze mwendo: wenzake wako kwenye kichaka.

Kuhusu kuchimba dawa: usiingie ndani ya majani marefu, na egesha nje kabisa ya lami, magurudumu yote manne. Tazama kwanza kina cha ukingo, maana lami mahali pengine imeinuka na gari dogo litakwama tumbo.

8. Same: lala, na kama una nusu siku, ingia Mkomazi.

Same ni mji mdogo wenye nyumba za wageni za kutosha kila bei. Geti la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Eneo lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi katika miaka ya 2000. Linapakana na Tsavo ya Kenya, kwa hiyo tembo hawajui mpaka. Lina faru weusi na mbwa mwitu wanaotunzwa na kuzalishwa kwenye maeneo maalumu, na ndege wa kumchosha mwenye darubini.

Usitarajie Serengeti. Wanyama wako mbalimbali, vichaka vingi. Faida yake ni ukimya na bwawa la Dindira, ambako siku ikiwa safi unaiona Kilimanjaro ng'ambo. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, fedha taslimu hazipokelewi. Ukiwa na gari dogo, ulizia getini hali ya njia kabla hujalipa, hasa masika.

9. Same hadi Himo: mlima.

Ondoka saa 12 asubuhi. Kipande cha kabla na baada ya Mwanga ndicho cha kutulia. Tazama mbele: kilele cha kushoto, cha mviringo chenye barafu, ni Kibo, mita 5,895. Cha kulia, chenye meno meno, ni Mawenzi, mita 5,149. Watu wengi hukodolea macho usawa wa vilima na kusema hawauoni. Inua macho juu zaidi ya pale unapodhani mlima unaweza kufika, juu ya utando wa mawingu.

Upande wa kushoto, mbali, ni bonde la Nyumba ya Mungu, bwawa lililotengenezwa kwa maji ya Ruvu na Kikuletwa. Perege wanaouzwa mitaa ya Mwanga wanatoka huko.

Picha piga, lakini usisimame juu ya lami hata kama barabara ni tupu, na usielekeze kamera kwa askari, kambi wala mizani.

10. Njia Panda ya Himo hadi Moshi.

Kulia ni Himo mjini, Marangu, na Holili kwenye mpaka wa Kenya. Kushoto ni Moshi, chini ya kilomita 30. Kipande hiki kina watu, bodaboda na madaladala yanayosimama popote, kwa hiyo mlima waangalie abiria.

Likitokea tatizo

*Mshale wa joto umepanda.* Zima kiyoyozi, egesha, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, utakuunguza uso. Ikipoa ongeza maji kidogo kidogo injini ikiunguruma, kisha nenda taratibu hadi mji unaofuata. Mafundi wapo Korogwe, Mombo na Same.

*Pancha.* Pembetatu iwe mbali nyuma, hatua hamsini au zaidi. Abiria wote watoke, wakae upande wa porini, si wa barabara.

*Trafiki amekusimamisha.* Salimia, zima redio, toa leseni. Kama ni mwendo, omba kwa adabu kuona picha ya tochi. Ukiwa na kosa, pokea taarifa yenye namba ya malipo, ulipe kwa simu, uende. Ubishi unakula muda wa jua zuri.

*Giza limekukuta njiani.* Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, na bodaboda nyingi za vijijini hazina taa ya nyuma. Usijikaze kufika. Lala mji wa karibu, hata kama chumba cha Same ulishakilipia.

*Ukungu kati ya Soni na Lushoto.* Washa taa za kawaida, si fulu, maana fulu hukurudishia mwanga usoni. Fuata mstari wa kushoto.

*Mlima haujaonekana siku nzima.* Subiri kama saa 11 jioni, Moshi mjini, mahali penye ghorofa. Usipofunguka, amka alfajiri. Na siku ya kurudi, simama Mwanga ugeuke nyuma.

*Gari limejaa kabla ya kufika.* Manunuzi yasubiri siku ya kurudi: tangawizi ya Same, matunda ya Mombo, mananasi ya Kiwangwa yawe ya mwisho ili yasipondwe. Mkaa uache. Magunia yamepangwa vizuri na bei inavutia, ila bila kibali na risiti utasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na hapo bei inageuka kuwa ya Dar, na kuzidi.